Sijambo za Chapuchapu

Kila asubuhi kabla ya shule, Chapuchapu alikuwa na kazi moja: kutenga nguo. Mama yake alikuwa dobi, na chumba chao cha mbele kilijaa kamba, mafurushi ya nguo za watu na meza ndefu ya kupigia pasi. Nyeupe huku, za rangi kule, zenye madoa ndani ya beseni. Zamani alimaliza kazi hiyo mama akiwa bado anapuliza mkaa wa pasi, ndiyo maana mjomba wake akampa jina hilo.

Siku hizi jina lilikuwa kama la kumcheka. Mkaa uliwaka, pasi ikapata moto, shati la kwanza likanyooshwa, na Chapuchapu alikuwa bado amekaa juu ya furushi, soksi ya mtu mkononi, akiitazama tu.

"Huyu tumbadilishie jina," mjomba alisema alipopita kuchukua suruali yake. "Tumwite Kesho."

Mama alicheka. Chapuchapu naye alicheka, lakini kidogo tu, kwa sababu koo lilikuwa linamuuma.

Homa ilianza tangu muhula uliopita. Ilikuja, ikakaa siku chache, ikaondoka, ikarudi. Kwa mama, homa ilikuwa na jina moja tu, malaria, kwa hiyo alikwenda duka la dawa kununua vidonge bila mtoto kupimwa damu. Homa iliposhuka alimshukuru Mungu, akavishukuru na vidonge. Iliporudi alisema mbu wa mtaa huu wamezidi.

Mara kadhaa alimpeleka zahanati. Huko ndiko mambo yalikoharibikia, wala si kwa ubaya wa mtu. Tabibu, foleni imemfikia mlangoni, aliinua macho akasema, "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Vizuri."

Angesema nini? Tangu akiwa mdogo alifundishwa kwamba mtoto mwenye adabu akiulizwa hali husema sijambo, na kwamba kumwaga shida zako mbele ya mtu mzima ni kudeka. Tabibu alimgusa paji la uso, akakuta homa imeshashuka, akaandika dawa ya kutuliza maumivu. Njiani mama alimsifu. Mtoto anaumwa, na anapongezwa kwa kunyamaza! Jambo hilo linachoma hata kulisimulia.

Shuleni nako hakukuwa na nafuu. Mwalimu wa hesabu alimsimamisha nyuma ya darasa ili asisinzie. Akasinzia akiwa amesimama, na wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyejiuliza mtoto anawezaje kulala wima.

Jumamosi moja walikuwa wanapeleka mashuka kwenye nyumba ya wageni, mama mbele na furushi kubwa, Chapuchapu nyuma na dogo. Walipofika kwenye ngazi, Chapuchapu alianguka. Furushi lilimponyoka, na mashuka meupe yakatandazika kwenye tope.

"Uvivu wako utaniua," mama alifoka. "Nimeyafua jana kutwa. Inuka."

Hakuinuka. Mama akamshika kwapani ili amnyanyue, na vidole vyake vikakutana na vinundu vigumu vya ukubwa wa harage. Ngozi ilikuwa ya moto. Akapapasa shingo, huko nako vilikuwepo. Alipomgusa tumbo upande wa kushoto, mtoto aligutuka kwa maumivu. Mama huyu alizishika nguo za mwanawe kila siku, lakini mwili wake hakuwa ameushika kwa muda mrefu. Hasira zilimwisha, woga ukamwingia. Aliyaacha mashuka palepale, akambeba mgongoni hadi hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. "Hujambo, binti?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba." Daktari akaweka kalamu mezani. "Hiyo ilikuwa salamu, na umeijibu vizuri. Sasa nakuuliza kama daktari. Unaumwa wapi?"

Chapuchapu alimtazama mama yake. Mama aliinamisha kichwa, akasema, "Mwambie yote."

Akamwambia. Koo. Homa inayokwenda na kurudi. Kuchoka kusikokwisha hata akilala. Tumbo linalojaa kabla hajala. Mama alisikiliza, machozi yanamtoka, kwa sababu mengi alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

Damu ilipopimwa haikuonyesha malaria. Ini lilikuwa limevimba, na wengu, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, nao umevimba. Damu nyingine ilipelekwa kwenye maabara kubwa, na majibu yaliporudi daktari aliwaita.

"Ni kirusi kinachoitwa Epstein-Barr," alisema. "Wengi wetu tunacho. Hupita kwenye mate, mara nyingi tukiwa wadogo, na mwili hukituliza tusijue hata kama tuliumwa. Lakini kwa watoto wachache sana hakitulii. Homa hurudi miezi na miezi, tezi huvimba, ini na wengu huumia."

"Na vidonge nilivyompa?" mama aliuliza. "Homa ilikuwa inashuka."

"Ingeshuka yenyewe, mama, na kurudi yenyewe. Homa si jina la ugonjwa. Ikirudi hivi, mtoto apimwe." Akaeleza kwamba angempeleka kwa madaktari bingwa, na kwamba kwa sasa asikimbie wala kubeba mizigo, maana wengu uliovimba unaweza kupasuka.

"Daktari," Chapuchapu aliuliza, "nitapona?"

"Utapona, mwanangu," mama aliwahi.

Daktari alimgeukia mama. "Nimemtaka aniambie ukweli, siwezi mimi kumdanganya. Sijui, binti. Tiba yake ni ngumu na ni ndefu. Wengine hupona, wengine hapana. Lakini mpaka jana tulikuwa tunatibu ugonjwa usiokuwepo. Leo tunajua tunapigana na nini."

Chapuchapu akaanza kulia. Mama alimvuta kifuani, na safari hii hakumwambia anyamaze.

"Lia, mwanangu," alisema. "Na kuanzia leo kila panapouma unionyeshe, hata nikiwa na kazi, hata nikikasirika. Adabu ya kunificha maumivu nilikufundisha mimi, na nilikufundisha vibaya."