Pumzi ya Bi Mkubwa

Gari lile liliitwa Bi Mkubwa kwa sababu liliingia nyumbani kabla ya mke. Fundi cherehani alilinunua akiwa kapera, akaoa baadaye. Mkewe, mkunga wa zahanati, hakuona wivu.

"Bi Mkubwa hanuni, hasengenyi, na akiumwa anasukumwa," alipenda kusema. "Ukewenza wa namna hii nauweza."

Bi Mkubwa ndiye aliyewabeba kina mama wajawazito wa mlimani walioshikwa na uchungu. Lakini siku hizi alinguruma. Zamani injini ilipaza sauti kidogo ikiwa baridi, kisha ikipata moto inatulia. Sasa haikutulia. Gari limesimama, hakuna anayekanyaga mafuta, nalo linavuma kama linapanda mlima.

"Sikia nguvu hiyo!" fundi cherehani alisema asubuhi moja, kidole gumba kikiwa juu.

"Nguvu gani isiyo na kazi, baba watoto? Na breki imekuwa ngumu. Jana nilikanyaga kama napiga teke ukuta."

"Uzee tu, mke wangu. Mwezi uliopita nilizungusha skrubu ya injini, kelele ikapungua. Nitazungusha tena."

Mkunga akaondoka kwenda kazini, roho ikiwa nusu nusu.

Alifika zahanati salama. Lakini mchana, alipotaka kutoka, alitoa gia ya kuegesha akaweka ya kwenda mbele. Bi Mkubwa akaruka. Mkunga alikanyaga breki kwa mguu mmoja, kisha kwa yote miwili. Gari lilisimama likiwa limegusa kikapu cha mama mmoja aliyekuwa akipita getini. Alikuwa mwuza viatu wa mlimani, na tumbo lake lilikuwa limeshuka, siku zake zimekaribia.

Mama yule alitazama kikapu. Akatazama tumbo lake. Akamtazama mkunga.

"Mkunga, mtoto huyu nakutegemea umpokee," alisema kwa sauti ya chini. "Sikukuomba umgonge."

"Nisamehe, mama. Sijui gari hili limepatwa na nini."

"Nimekusamehe. Lakini siku yangu ikifika, nitakuja kwa miguu."

Maneno yale yalimkata maini mkunga. Uzazi uliopita, mama yule alipoteza damu nyingi mno. Kutoka mlimani kwa miguu, akiwa na uchungu? Asingefika.

Mkunga alizima injini. Aliliacha gari palepale uani, akarudi nyumbani akitembea.

Kesho yake hakuwa zamu. Alikwenda na mumewe hadi kwa jirani yao, fundi wa magari. Jina lake halisi watu walikuwa wamelisahau. Wote walimwita Mama Spana. Mwanawe wa kwanza alipokewa na mkunga huyuhuyu.

Walipofika naye uani kwa zahanati, Mama Spana aliona bisibisi mkononi mwa fundi cherehani.

"Shemeji, hiyo ya nini?"

"Ya kupunguza kelele."

"Mtoto akilia kwa homa, unamziba mdomo?"

Mkunga alicheka, ingawa moyo wake ulikuwa mzito.

Mama Spana aliweka gia ya kuegesha, akavuta hendibreki, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Alikunja mikono ya shati. "Na wewe funga mtandio wako vizuri, mkunga wangu. Feni haina adabu, inakamata chochote."

Kwanza alichungulia miguuni pa dereva. Zulia halikuwa limebana akseleta. Akafungua boneti, akavuta waya wa akseleta kwa kidole. Ulikuwa na ulegevu kidogo, kama unavyotakiwa.

"Hakuna kinachokanyaga mafuta kwa siri," alisema. Kisha akawasha injini, wakasubiri ipate moto. Kelele haikushuka.

"Sasa nisikilizeni. Injini inavuta hewa kama sisi. Puani mwake mna mlango mdogo. Ukikanyaga mafuta, mlango unafunguka, injini inakimbia. Ukiachia, unajifunga, inabaki nafasi ndogo ya kupumulia tu. Hapo injini inatulia. Sisi mafundi tunasema iko silensa. Lakini huyu Bi Mkubwa anavuta hewa mahali pengine. Mlango umefungwa, dirisha liko wazi."

"Dirisha lipi?" fundi cherehani aliuliza.

"Atatuonyesha mkeo." Mama Spana alimpa mkunga kipande kirefu cha bomba jembamba la mpira. "Ncha hii sikioni. Ile nyingine ipitishe karibu na mipira ya injini, mbali na feni na mkanda. Wewe una masikio ya kusikiliza watoto tumboni."

Mkunga alitega sikio. Mwanzoni alisikia ngurumo tu. Akasogeza ncha taratibu. Ghafla, ndani ya ngurumo ile, ikaja sauti nyembamba.

*Ssssss.*

Nywele zilimsimama. Ilikuwa pumzi. Chuma kilikuwa kinavuta hewa, bila kuchoka, mbele ya uso wake, na miaka yote ile alikaa juu yake asijue.

"Anapumua," alinong'ona. "Baba watoto, njoo usikie. Anapumua!"

Mumewe alisikiliza. Alifungua mdomo, akausahau wazi.

Mama Spana alipuliza maji ya sabuni palepale kwa chupa. "Maji ya sabuni, msije mkaweka petroli. Petroli na injini ya moto ni msiba." Povu halikutoka nje. Lilinyonywa ndani ya ufa, na ngurumo ikapungua kidogo.

"Huo hapo. Na mnajua mpira huu unakwenda wapi? Kwenye breki. Mvuto wa injini ndio unaousaidia mguu wako kukanyaga. Ufa mmoja, magonjwa mawili."

Fundi cherehani alitazama bisibisi yake. "Kumbe lilikuwa linalia," alisema polepole. "Mimi naliziba mdomo."

Walizima injini, ikapoa.

"Nilete utepe tuufunge?"

"Shemeji, hii si suruali. Breki haitiwi kiraka."

Mama Spana alifunga mpira mpya wa breki, wa unene uleule. Akarudisha skrubu mahali pake.

"Mkunga wangu, ingia. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Sasa usitoe mguu. Washa."

Mkunga aliwasha. Breki ikazama chini ya unyayo wake, taratibu, kama mtu aliyeitikia wito. Injini ilipopata moto, mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi, uliokuwa ukikaa karibu na namba mbili, ulishuka chini ya namba moja. Uani kukawa kimya. Ndege walisikika.

Mkunga alipangusa macho kwa mtandio. Kisha akaweka gia, akaenda moja kwa moja mlimani. Alimweleza mwuza viatu kila kitu. Akamwita aje akanyage breki mwenyewe.

Wiki ile haikuisha. Simu ililia alfajiri. Mama yule alikuwa ameshikwa na uchungu, na Bi Mkubwa alimfuata. Getini kwa zahanati, palepale pa kikapu, gari lilisimama kwa upole. Mama alishika kiti cha mbele, akasikiliza.

"Mkunga, mbona gari limezimika?"

"Halijazimika, mama. Linapumua tu. Na wewe pumua hivyohivyo, taratibu. Tumefika."