Kidonge cha Alama

Mkono wa chuma ulimshika kijana kiunoni, ukamwinua juu ya vichwa vya wenzake na kumtupa nje ya uzio. Alianguka kifudifudi kwenye lami. Spika za Geti la Mchujo zikasema kwa upole: "Asante kwa kuomba kazi. Wastani wako ni mbili nukta tisa."

Wahitimu elfu kumi na nne walikuwa kwenye foleni nje ya uwanja wa mpira jijini Dodoma, wakigombea nafasi sitini za uhandisi wa pampu za maji. Geti halikuuliza maswali. Lilisoma kidonge cha alama, chembe ndogo kuliko punje ya mtama, iliyopandikizwa chini ya ngozi ya kiganja siku ya mahafali. Mwenye wastani wa nne nukta nne na kuendelea alipita na kupewa barua ya ajira. Wengine walitupwa.

Mhandisi Nyamizi Kasubi, aliyelibuni geti hilo, alitazama kwenye skrini za chumba cha juu. Zamani vyeti vya kughushi vilijaa maofisini. Mtu asiyejua kushika spana alileta cheti chenye muhuri safi. Nyamizi aliona kwamba karatasi inaghushiwa, mwili haughushiwi. Akaziweka alama mwilini. Hakuwa na nia mbaya, na kwa miaka mitano geti halikuwahi kusoma vibaya.

Vinasa sauti vya foleni vilimletea mazungumzo ya vijana wawili waliosoma darasa moja. Nakijwa, msichana mwembamba mwenye nne nukta saba, alikuwa akimtania Lugano, mwenye nne nukta tatu. Lugano alikuja kwa mara ya nne. Mwaka jana mkono ulimvunja mbavu mbili.

"Kaka, wewe si mwombaji tena," Nakijwa alisema. "Wewe ni mtalii."

Lugano alicheka pamoja naye. Kisha akamshika kifundo cha mkono, akatoa wembe mfukoni na kumchana kiganja.

Nyamizi alidhani wanagombana. Alielewa alipomwona Lugano akichokora nyama kwa kidole, huku Nakijwa akimpiga usoni kwa mkono mwingine. Waliokuwa nyuma yao hawakuingilia. Waliziba pengo la foleni.

Lugano alikimbia hadi getini, akanyoosha ngumi iliyojaa damu.

"Karibu, Nakijwa Mbwambo," spika zikasema. "Hongera kwa kazi mpya."

Waliosikia wakaelewa mara moja. Wembe, funguo na chupa zilizovunjwa vikatoka mifukoni. Watu wakaanza kukamatana mikono na kuulizana wastani.

Nyamizi alimgeukia mkurugenzi, Mzee Kihwelo, akamwomba azime geti. Mzee alikagua takwimu bila haraka. Alisema kidonge ni halisi, alama ni halisi, na nafasi arobaini bado wazi. Ugomvi wa nje ni kazi ya polisi.

"Mzee, wanachinjana."

"Geti limekosea wapi? Nionyeshe kosa, nitalizima."

Nyamizi alichukua shoka la zimamoto ukutani, akazikata nyaya kuu za geti kwa mapigo matatu. Mikono ya chuma ikalegea ghafla, na mtu aliyekuwa ameinuliwa akaanguka vibaya juu ya wenzake.

Nyamizi alishuka mbio. Alimkuta Nakijwa ameketi kando ya uzio, mkono wake umefungwa kwa shati la yule kijana wa mbili nukta tisa, aliyekuwa bado anaubana huku pua yake mwenyewe ikivuja damu.

"Dada, wewe ni wa ofisini?" Nakijwa aliuliza. "Geti limeniita. Nimelisikia limetaja jina langu."

"Limekuita, ndiyo."

"Basi niinue. Watafunga."

Nyamizi alipiga magoti mbele yake. "Nimeshalifunga. Nimelifunga mimi."

Hapo ndipo Nakijwa, ambaye hakulia alipochanwa, alipoanza kulia.