Taa Nyekundu ya Trakta

Tik. Tik-tik.

Fanny alifumbua macho gizani. Kulikuwa bado hakujapambazuka. Upepo wa mlimani ulipenya chini ya mabati, na taa ndogo iliyoning'inia kwenye waya juu ya mkeka iligonga ukuta: tik, tik. Taa yenyewe haikuwaka. Ilipata umeme kutoka kwenye betri kuukuu ya pikipiki, na betri hiyo ilikwisha nguvu wiki ya mazishi. Tangu hapo hakuna aliyeipeleka kwa jirani mwenye sola.

Fanny alikuwa amelala ukingoni kabisa mwa mkeka. Upande wa ukutani, mahali pa mdogo wake Chérie, palikuwa wazi. Zilikuwa zimepita wiki tatu, lakini usingizini mwili wake bado ulimwachia mdogo wake nafasi.

"Fanny, umeamuka?" Mama Suzanne aliita kutoka jikoni.

"Ndiyo, Mama."

"Kamata ndoo. Maji kwanza, masomo nyuma."

Aliporudi kutoka kisimani alimkuta mama amepanga sahani tatu. Mama alizitazama kidogo, akachukua moja na kuirudisha kapuni. Baba alikuwa kwenye machimbo ya Misisi; alikuja kwa mazishi, akarudi kazini. Wawili waliobaki walikula muhogo wa kuchemsha, kila mmoja akitazama sahani yake.

Shuleni, siku hizo, watoto wa Lubondja walikuwa na habari moja tu: trakta ya bamama. Ilikuwa trakta nyekundu, kuukuu kuliko mwalimu wao, mali ya shirika la wakulima wanawake wa kijiji. Ndiyo iliyolima mashamba ya wote kabla ya mvua. Mwezi uliopita ilianza kukataa kuwaka. Mwanzoni watu waliisukuma. Kisha shirika likaagiza betri mpya kutoka Uvira. Wiki mbili hazijaisha, betri mpya nayo ikafa. Mvua ilikuwa imekaribia, na nusu ya mashamba yalikuwa bado majani matupu.

Ndipo maneno yalipoanza. Watu walisema dereva, Papa Élie, aliuza betri mpya kwa wachimbaji wa Misisi na kuweka ya zamani mahali pake.

"Junior!" mvulana mmoja alipaza sauti wakati wa mapumziko. Junior alikuwa mtoto wa Papa Élie. "Leo papa yako ameuza batri. Kesho atauza magurudumu. Kesho kutwa atakuuza weye!"

"Nani atamununua huyu? Miguu kama njiti!" mwingine akadakia.

Kiwanja kizima kilicheka. Fanny naye alicheka, kidogo. Kisha akamwona Junior akiinama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Alikaa ameinama muda mrefu. Kicheko kikamkauka Fanny mdomoni, maana alikumbuka siku ya kumzika Chérie. Siku ile Papa Élie alifunga tela nyuma ya trakta, akawapandisha wazee na bamama wote waliochoka kwa kulia, akawapeleka makaburini bila kuombwa. Hakuizima injini wakati wote wa sala. Ilinguruma kule chini ya kilima, na yeye alisimama kando yake, kofia mkononi. Aliogopa kwamba akiizima haitawaka tena.

Masomo yalipokwisha, watoto walikimbilia kwenye banda la trakta. Fundi Useni alikuwa amefika kutoka Baraka kwa pikipiki, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Bamama wa shirika walikuwa wamemzunguka, pamoja na rais wao, Mama Immaculée, na Papa Norbert, mtunza stoo. Papa Élie alisimama peke yake karibu na gurudumu kubwa. Junior alikwenda kusimama karibu naye.

"Fundi, hapa hakuna kazi ndefu," Papa Norbert alisema. "Tupimie batri tu, tujue kama ni ile yetu. Mwizi tunamujua."

"Papa, mi sikuja na pingu," Fundi Useni alijibu, na bamama wakacheka. "Musianze na jina ya muntu. Tuanze na waya."

Alianza kweli na waya. Vichwa vya betri vilikuwa na unga wa kijani na mweupe. Akavisugua kwa brashi na maji ya moto mpaka vikang'aa. Akaubonyeza kwa kidole gumba mkanda unaozungusha dinamo, ile mashine ndogo inayotengeneza umeme na kuulisha betri. Mkanda ulikuwa umekaza vizuri. Akafuata nyaya moja baada ya nyingine, akizivuta kidogo kama daktari anayepima mkono wa mgonjwa.

"Sukumeni!"

Watu wakaisukuma trakta mpaka kwenye mteremko. Injini iliguna, ikakohoa moshi mweusi, ikawaka. Fundi akagusisha kipimo chake kwenye betri.

"Volti kumi na moja na nusu. Ongeza moto, Papa Élie! Ongeza tena!" Injini ililia kwa nguvu, lakini namba haikupanda. Fundi akatikisa kichwa. "Zima. Batri hii ni mupya. Hakuna muntu aliyeibadilisha. Inakufa kwa njaa, haipewi kitu. Dinamo inazunguka, lakini imelala."

Minong'ono ilipita. Papa Élie alivuta pumzi ndefu. Lakini Fundi Useni alikuwa bado anatazama. Aliinama mbele ya usukani, pale penye saa za kupima mafuta na joto, akaona kitundu kilichozibwa kwa kitambaa. Akakivuta kitambaa. Kitundu kilikuwa kitupu.

"Hapa palikuwa na taa ndogo nyekundu. Iko wapi?"

Fanny alirudi hatua moja nyuma ya watoto wenzake.

"Nilikuta haipo," Papa Élie alisema. "Nilifikiri ilianguka kwa barabara ya Kilembwe, ile ya mawe. Nikaweka kitambaa, vumbi isiingie."

"Taa tu, fundi?" Mama Immaculée aliuliza. "Taa moja inaweza kusimamisha trakta nzima?"

"Hii inaweza, Mama. Unapotia ufunguo, inawaka. Umeme kidogo unapita ndani yake, unakwenda kuamusha dinamo. Dinamo ikiamuka, taa inazima yenyewe. Ukiwa shambani ukiiona imezima, ujue mambo iko muzuri. Kazi yake ni hiyo: kuzima." Akaingiza kidole kwenye kitundu. "Lakini haikuanguka. Mwenye kuitoa aliizungusha polepole, hakuvunja kitu."

"Mumesikia?" Papa Norbert alilidaka neno hilo. "Haikuanguka! Na ufunguo unakaa kwa nani? Na kitambaa ni ya nani? Muntu anayeuza taa leo, kesho atauza nini?"

Kelele zikaanza upya. Papa Élie hakubishana. Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka taratibu juu ya bati la gurudumu.

"Bamama, tafuteni dereva mwingine," alisema. "Junior, twende nyumbani."

"Mi niko na taa moja ndani ya sanduku, ya pikipiki," Fundi Useni alisema kwa huzuni. "Nitajaribu. Trakta italima tu."

Trakta italima. Fanny aliyasikia vizuri maneno hayo. Angeweza kunyamaza. Trakta ingepona, mvua ingekuta mashamba yamelimwa, na taa ndogo ingebaki juu ya mkeka. Hakuna ambaye angejua. Ila Junior, aliyekuwa akimfuata baba yake, alikuwa ameinama tena kutazama viatu vyake.

Fanny alikimbia nyumbani.

Alikuwa amesimama juu ya mkeka, mikono kwenye waya, mama yake alipoingia.

"Unafanya nini? Acha hiyo! Ni ya Chérie!"

"Si ya Chérie, Mama. Ni ya trakta."

Mama Suzanne alikaa chini polepole. Fanny alimweleza yote, sauti ikikatika. Chérie alipougua homa, aliogopa giza kuliko sindano. Alilia kila taa ya mafuta ilipozimwa. Fanny alikuwa ameiona ile taa nyekundu ya trakta mara nyingi, na kila mara trakta ikilima, taa ilikuwa imezima. Akadhani haina kazi. Jioni moja aliizungusha, ikatoka pamoja na kofia yake nyekundu.

"Ulisema uliiokota njiani," mama alisema.

"Nilikudanganya."

Mama aliitazama taa. Chérie aliipenda mno. Aliiita jicho la kuku. Kila akifunikwa shuka alimuuliza dada yake, "Yaya Fanny, kuku iko inaniangalia?" Na Fanny alijibu, "Iko inakuangalia. Lala." Usiku wa mwisho nyumbani, kabla ya kupelekwa hospitali, alilala bila kulia.

Mama aliifungua taa kwenye waya. Kipande cha kitenge cha Chérie kilichoifunga akakitia kwenye pindo la nguo yake, akakaza fundo. Kisha akaiweka taa kwenye kiganja cha Fanny.

"Twende. Nitasimama karibu yako. Lakini maneno utasema weye. Siwezi kukusemea."

Papa Élie hakuwa amefika mbali. Mama Suzanne alimwita, akarudi na Junior. Watu walimpisha walipomwona mama huyo, maana tangu mazishi hakuwa ametoka kwenda penye watu. Fanny alifungua kiganja.

"Taa niliitoa mimi," alisema. "Papa Élie hakujua. Nilimufungia mudogo wangu alipokuwa mugonjwa. Nilifikiri haina kazi."

Mmoja wa bamama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Papa Norbert alikohoa, akatazama ardhi.

"Kwa nini hukuja kuniomba, mutoto wangu?" Papa Élie aliuliza. "Ningekutafutia taa nyingine. Ningekutafutia hata tatu."

Hapo ndipo Fanny alipolia. Alikuwa amejiandaa kwa fimbo na matusi. Swali hilo hakuwa amelitegemea.

Alipoweza kusema, alimgeukia Junior. "Asubuhi nilicheka."

"Ulicheka kidogo tu," Junior alisema.

"Lakini nilicheka. Unisamehe."

Junior aliinua mabega, kisha akaitikia kwa kichwa.

Mama Immaculée aliuchukua ufunguo juu ya bati la gurudumu, akaushika kwa mikono miwili mbele ya dereva.

"Papa Élie, fundi alituambia tuanze na waya. Sisi tulianza na jina yako. Tunakuomba musamaha, na jumapili tutasema hivi mbele ya batu bote. Papa Norbert atakuwa wa kwanza."

"Nitasema," Papa Norbert alijibu kwa sauti ndogo. Papa Élie aliupokea ufunguo.

Kisha Mama Immaculée akamwinamia Fanny. "Na weye, sikiliza vizuri. Kumupenda mudogo wako haikuwa kosa, na hakuna muntu hapa atakugombeza kwa hilo. Kosa ni kuchukua kitu ya batu bila kuomba, halafu kunyamaza. Uliponyamaza, muntu asiye na kosa alibeba aibu, na mutoto wake akaibeba naye shuleni. Leo ungeweza kuendelea kunyamaza, na trakta ingewaka. Umekuja kusema. Ukumbuke hivyo vyote viwili, usisahau hata kimoja."

"Ndiyo, Mama."

Fundi Useni alikuwa ameishika ile taa ya pikipiki. Aliitazama, akamtazama Mama Suzanne. "Hii yangu inaweza kufanya kazi. Mutoto abaki na yake, kama ukumbusho."

Mama Suzanne alimwachia Fanny aamue. Fanny aliitazama taa iliyokuwa mkononi mwake, nyepesi kama punje ya karanga.

"Ni ya trakta," alisema, akampa fundi.

Papa Élie alimpandisha Fanny kwenye bati la gurudumu, karibu na usukani. "Mi nitaangalia mbele, nisigonge batu. We angalia taa. Ikibadilika, uniambie kwa nguvu, injini ina kelele."

Alitia ufunguo. Jicho la kuku likawaka, jekundu, dogo, vilevile kama lilivyowaka juu ya mkeka. Bamama walianza kusukuma, huku wakiimba. Fanny hakuyaondoa macho kwenye taa. Kwa muda mfupi alitamani iendelee kuwaka hivyo hivyo, siku zote.

Trakta ikashuka mteremko. Injini ikaguna, ikakohoa, ikawaka. Papa Élie akaongeza moto. Taa ikatetemeka, ikafifia, ikawa kama kaa la mwisho jikoni, kisha pakabaki kitundu cheusi.

Chini, fundi alikuwa anakimbia kando ya trakta, kipimo mkononi, na mama yake Fanny alikuwa amesimama barabarani, mkono kwenye fundo la pindo lake.

"Fanny!" Papa Élie alipaza sauti. "Iko namna gani?"

Fanny aliinua kichwa ili wote wasikie.

"Taa imezima."