Bunduki ya Mwaka 1333

"Mkonge umeiva. Vuna kabla ya saa tano."

Bibiana aliusoma ujumbe, akaufuta, akashuka kwenye bajaji Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani. Saa nne na robo asubuhi na magoti tayari yanamuuma. Miaka ishirini na sita ndani ya Idara ya Usalama, na bado wakikwama wanamtuma yeye.

Mkonge, kwa mafumbo ya Idara, ni masanduku arobaini ya bunduki mpya za pampu, yaliyoshushwa pwani ya Mkwaja na kufichwa ghalani Pongwe. Ghala ni la Bi Ghanima, mwenye miaka sabini na saba. Saa tano angetia saini hati inayosema kila kilichomo ni bunduki za kale za ukoo wake.

Akishasaini, mzigo ni wake. Na kifungo ni chake.

Aliyeuleta ni kijana anayejiita Hisham, mjukuu wa kaka yake bibi, kutoka Muscat. Hisham wa kweli alishakufa, Idara ilijua. Lakini shahidi pekee wa kumfunga huyu wa bandia alikuwa Bi Ghanima, na Bi Ghanima alimpenda mno. Angeambiwa na serikali, angeapa mzigo ni wake ili kijana apone.

Ilibidi bibi aone mwenyewe.

"Shikamoo, bi mkubwa. Mimi ndiye mtathmini wa bunduki za kale."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Mume wangu huyu hapa kakusubiri tangu asubuhi."

Hisham alicheka kwa utani huo wa bibi na mjukuu. Hati ilikuwa mezani na kalamu juu yake. Alichotaka ni bunduki moja tu ya ukoo ithibitishwe kuwa ya kale, iyabariki yale masanduku arobaini.

Bibiana alivaa glavu, akaipokea. Winchester ya pampu, kitako cha mti wa jozi. Ubavuni nakshi za ndege na maua, na chini yake mwaka kwa tarakimu za Kiarabu: 1333. Mwaka wa Hijria; hesabu ya haraka: 1915.

Aliweka lenzi kwenye mtutu. Imeandikwa Model 12.

Akatulia. Bunduki za mwanzo za aina hii ziliandikwa Model 1912 kwa ukamilifu. Waliifupisha baadaye, baada ya vita kuu ya kwanza. Akapiga picha ya namba ya bunduki na kuirusha kwa simu.

Sauti ya Daniel, mwenzake wa Idara, ikaja sikioni, kutoka kando ya ghala la Pongwe. "Imetengenezwa 1931. Vijana wako tayari. Zimebaki dakika kumi na moja."

Miaka kumi na sita ilikuwa imepotea wapi? Bibiana hakujua. Alikuwa amechoka mno kubuni ujanja, akauliza tu.

"Mwaka huu uliochorwa ni wa nini?"

"Mwaka babu mkuu alipoinunua," Hisham alijibu upesi. "Babu alinihadithia mara elfu."

Bi Ghanima alikuwa ameshika kalamu. Mkono ukasimama.

"Babu yako kakwambia hivyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Nyumba hii mtoto wa kiume akitimiza miaka kumi na sita hununuliwa bunduki, ikachorwa mwaka aliozaliwa. Huo ni mwaka wa baba yangu."

"Babu alikuwa mzee, bibi. Alisahau."

"Kaka yangu mwishoni alisahau hata jina langu kwenye simu. Lakini habari za bunduki ya baba alikuwa akinisimulia." Akaifunika kalamu. "Wewe ni nani, kijana?"

Hakusema tena mume wangu.

Mkono wa Hisham ukaruka kiunoni. Bastola aina ya Glock.

Bibiana akavuta pampu nyuma, akairudisha. Chaka-chak! Mtutu ukamtazama kifuani.

"Iweke chini."

Akaiweka.

"Daniel, ingieni. Na wa hapa waje."

Makachero wawili wakatokea uani, wakamtia pingu, wakamtoa. Kutoka Pongwe, Daniel akaripoti masanduku arobaini na watu watatu chini ya ulinzi.

"Haina risasi hiyo tangu baba afe," alisema Bi Ghanima.

"Nilihisi hivyo."

"Hisham wangu yuko wapi?"

Bibiana aliuchukia mdomo wake mwenyewe. "Alifariki, mama. Ajali ya gari, Muscat. Huyu alichukua pasipoti yake."

Machozi yalimtoka Bi Ghanima bila sauti, naye hakuyafuta.

"Mmejua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Mkaniacha nimpikie, nimwombee dua."

"Ningekwambia, ungeamini?"

"Nisingeamini," alisema Bi Ghanima. "Lakini ungeniambia tu."

Bibiana aliilaza bunduki mezani taratibu, akavua glavu, akatoka. Barabarani hakukuwa na bajaji hata moja. Akaanza kutembea.