Kamba ya Mama Kadidja

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaa wa Majengo, Mama Kadidja aliinua kifuniko cha tanki lake la maji ya mvua, akakirudisha haraka kama mutu aliyeona nyoka. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Juu lilielea povu, na ndani ya povu kulikuwa na kitu ambacho mjane huyo hakutaka kukitaja mbele ya watu. Alitapika pale pale, mkono mmoja ukutani.

Avenue nzima, nyumba zote za barabara ile, ilikuwa ikichota humo bure. Sasa watoto kadhaa walikuwa wamelazwa kituo cha afya kwa kuhara, na mmoja wao ni Joviale, mjukuu wake mwenyewe. Watu walijaa uani, na midomo yao haikuwa na huruma.

"Ametunywesha mavi!" mwanamke mmoja alipiga kelele.

"Uchawi huo. Angalia macho yake!"

Mama Bibiche, afisa wa usafi, alifunika pua kwa kitenge. "Alhamisi saa nne ninabomoa tanki hili," alisema. "Na mama atafuatana nami ofisini akajieleze."

Muzee Cikuru, chefu wa avenue, yaani kiongozi wake, aliona jinsi watu wanavyomzingira mjane. Akamwita Madame Gisèle, mwalimu wa hesabu anayekaa ng'ambo ya barabara.

"Binti yangu, kila siku unafundisha watoto kutafuta kisichojulikana. Tutafutie huyu mwenye roho chafu kabla ya Alhamisi."

Gisèle aliingia uani. Harufu ilimkaa hadi kwenye meno. Tanki lilikuwa la mawe ya lava, nusu yake ardhini. Kati ya tanki na ukuta wa jirani kulikuwa na kitalu cha lengalenga, nene, ndefu, majani mapana kama sahani.

"Hiyo mboga unaimwagilia nini, mama?"

"Hata simwagilii. Tangu niliporudi kutoka Bunagana inaota yenyewe, na avenue nzima inachuma. Nilikwenda kumwangalia binti yangu aliyejifungua, nikakaa hadi mutoto akashika shingo. Niliporudi, nikakuta Papa Aubin jirani amenijengea ukuta mpya. Alisema wa zamani uliangushwa na mvua. Nilimpelekea kuku wa kumshukuru, na fungu la lengalenga."

"Akafurahi?"

"Kuku alichukua. Lengalenga akakataa. Zamani alikuwa akiziomba mwenyewe juu ya ukuta!"

Gisèle alitazama kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa imekaukiwa na saruji, kutoka fundo moja hadi fundo jingine.

"Hii nayo?"

"Niliiacha safi. Sijui nani aliitumia. Sasa inachafua nguo zangu."

Watu walikuwa na mkosaji wao tayari: Mahoro, anayezoa vyoo kwa mapipa na kuyasukuma juu ya chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Walikuwa wamekwisha kumrarua shati. Gisèle alimkuta ameketi kwenye jiwe.

"Kila mutu ananihitaji choo kikijaa, kikipungua ananitemea mate," alisema Mahoro. "Madame, mimi ninamwaga mbali, nje ya mji. Na Jumapili sifanyi kazi. Waulize, harufu inazidi lini?"

Gisèle aliuliza nyumba kwa nyumba. Jibu lilikuwa moja: Jumapili. Mahoro akarudishiwa shati lake, limeshonwa.

Wa pili alikuwa Jumaine, shemeji wa Kadidja. Tangu kaka yake Idriss afe, alikuwa akikitaka kile kiwanja, na aliwahi kusema msikitini kwamba maji yale yatamtokea mjane puani.

"Nilisema kwa hasira," Jumaine alikiri. "Ninataka kiwanja, ndiyo. Sasa mutu anayetaka nyumba atainyea kwanza?"

Gisèle alicheka bila kutaka. Ilikuwa hoja.

Jumapili, basi. Nani alikuwa na kitu kingi cha kumwaga Jumapili? Upande wa pili wa ukuta ilisimama nyumba ya wageni ya Papa Aubin, na kila Jumamosi ilijaa arusi. Gisèle alikwenda na mita yake ya utepe. Aubin alimpokea akitabasamu, shati limepigwa pasi, marashi yakimtangulia.

"Choo changu kufurika? Madame, dalle yangu, zege la kufunika shimo, ni mita za mraba ishirini na nane! Hata ukileta wageni wa Bukavu wote."

"Liko wapi?"

"Hapo, kati ya nyumba na ukuta. Kwingine kote ni lava tupu."

Gisèle alipima nafasi ile kwa utepe. Mita mbili na nusu. Akaaga. Marashi yale yalimkaa kooni vibaya kuliko ule uvundo.

Fundi aliyemwaga zege lile aliitwa Jean-de-Dieu. Alipoulizwa, alianza kubandua saruji kwenye kucha.

"Niliapa kwa rozari, Madame. Patron, Papa Aubin, alisema: usimwambie mutu urefu, wala upana, wala mahali."

"Basi usiniambie. Sitaki uvunje kiapo."

Fundi akahamia kucha nyingine. "Lakini juu ya kamba hakusema kitu."

"Kamba gani?"

"Ya mama ya kuanikia. Tuliichukua tukazungusha ukingo wa shimo, pale dalle ingeishia, watoto wa wageni wasitumbukie. Pembe zake zilikuwa sawa kama za mlango. Nilifunga fundo huku na fundo huku, mafundo yakabusiana. Halafu zege likaimwagikia, nasi tukairudisha kwenye nguzo zake." Akainamisha kichwa. "Tangu siku ile sijanywa maji ya avenue hii."

Gisèle alirudi kupima kamba, fundo hadi fundo. Mita ishirini na mbili.

Alhamisi saa nne Mama Bibiche alifika na vijana wenye nyundo na mtalimbo. Aubin alikuja pia, mikono mgongoni, kutazama. Gisèle alisimama mbele ya ukuta mpya, chaki mkononi.

"Kitendawili!"

Watu walishangaa, lakini mazoea ni mazoea. "Tega!"

"Nina pande nne, kamba ya mjane inanizunguka mara moja. Mwenye kunichimba ananisifia ukubwa, lakini kwake sienei kulala."

Akaandika ukutani. "Kamba ni ishirini na mbili. Nusu yake, urefu na upana pamoja, ni kumi na moja. Upande mmoja nauita x, wa pili ni kumi na moja kutoa x. Ukizidisha, Papa Aubin mwenyewe alisema, ni ishirini na nane. Kwa hiyo x mara x yenyewe, x², kutoa 11x, kuongeza 28, ni sifuri. Delta, 11 mara 11 kutoa 4 mara 28, ni 121 kutoa 112, yaani tisa. Kipeuo chake cha pili ni tatu. Kumi na moja na tatu, gawa kwa mbili: saba. Kumi na moja kutoa tatu, gawa kwa mbili: nne."

Aubin alipiga makofi. "Majibu mawili! Hesabu yako yenyewe haijui inachosema, Madame."

"Inajua. Ukichagua saba, inabaki nne. Ukichagua nne, inabaki saba. Ni shimo moja. Kwako nafasi ni mita mbili na nusu. Lilaze, ligeuze: nne haiingii, saba haiingii. Yote mawili yanakushitaki."

"Shimo langu ni jembamba! Mbili na nusu, refu sana!"

"Kwa ishirini na nane zako lingekuwa refu zaidi ya mita kumi na moja, na kamba ingepita ishirini na saba. Kamba hii imeishia ishirini na mbili. Vijana, msiguse tanki. Pigeni hapo, ndani ya lengalenga, mita moja kutoka ukutani."

Mtalimbo ulizama kwenye udongo laini, kisha ukalia: kong! Zege. Pigo la tatu lilitoa ufa, na kilichopanda kutoka kwenye ule ufa kiliwarudisha watu nyuma hadi barabarani. Mwanamke aliyepiga kelele Jumatatu sasa alikuwa akitapika mtaroni. Mama Bibiche aliweka mkono juu ya bega la mjane.

"Kwa nini, Aubin?" aliuliza Muzee Cikuru. "Kwako kuna nafasi nyuma."

"Nyuma ni lava! Tungevunja mwaka mzima." Marashi hayakumsaidia tena, jasho lilikuwa limeyashinda. "Huku palikuwa laini. Mama hakuwepo. Ningejenga ukuta, nani angejua?"

Mama Kadidja alisogea polepole.

"Palikuwa laini," alisema, "kwa sababu marehemu Idriss alileta udongo huu kutoka Kibumba kwa chukudu, gunia kwa gunia, ili kwenye mawe haya nile mboga. Wewe ukaufanya choo. Ukazungusha kamba ya nguo zangu. Ukala kuku wangu. Joviale alipolazwa, ulikuja kumtazama, ukamletea biskuti."

Aliinama, akang'oa shina moja la lengalenga, nono, mizizi yake ikidondosha tope jeusi. Akamnyooshea mdomoni.

"Siku nilipokuletea kuku, hizi ulizikataa. Ulijua. Kula sasa, jirani. Kula mbele yao."

Papa Aubin alifumba mdomo na kugeuza uso. Na watu wote waliokuwa wamezila miezi ile walimwangalia akigeuza.