Maziwa ya Jumanne

Huko Karuba, kijiji cha milimani, mwaka wa 1953, Verdiane alikuwa na rafiki wa kulima naye. Rafiki huyo aliitwa Adelaïde. Alikuwa mjane, na shamba lake la maharage lilipakana na boma la wakwe wa Verdiane.

Wanawake hawa wawili walisaidiana. Kila Jumanne walilima kwa Adelaïde. Kila Ijumaa walilima kwa Verdiane. Siku ya Jumanne Verdiane aliamka kabla ya jogoo, akasaga mtama wa nyumba nzima, kisha akatoka, jembe begani na tumbo tupu. Kwao mlimani, mtu anayelima shamba la mwenzake hali mpaka kazi iishe. Akila mapema watu watamwita mvivu, na Verdiane aliogopa jina hilo kuliko njaa. Basi alilima mpaka saa saba mchana, jua likimpiga utosini.

Kazi ikiisha, Adelaïde alitoa kibuyu cha kasiksi, yaani pombe ya ndizi. Ndizi zilitoka kwa kaka yake Benoît, upande wa Walikale, maana Karuba kuna baridi na migomba haizai sana. Adelaïde alionja kwanza, kisha akampa Verdiane. Hiyo ndiyo desturi. Anayetoa kinywaji huonja mbele ya mgeni, ili mgeni ajue kwamba hakina sumu.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, Verdiane alikunywa, akashukuru, akaanza kurudi nyumbani. Alikuwa hajafika langoni. Mstari wa mwanga ulianza kucheza mbele ya jicho lake la kushoto, umekunjikakunjika. Alifumba macho, lakini mstari haukuondoka. Aliogopa, kwa sababu mstari huo ulikuwa umemjia Jumanne nyingine tatu.

Muda mfupi baadaye upande mmoja wa kichwa ulianza kugonga, kama mtu anayetwanga ndani. Alitapika kwenye ua. Mwanga ulimuumiza. Hata sauti za kuku zilimuumiza. Viateur, mume wake, alimbeba mpaka kitandani.

Mama mkwe wake, Mukandayisenga, alikuja mbio na chombo cha mti kilichojaa maziwa. Yalikuwa bado na joto la ng'ombe; nyumbani humo yalitengwa kwa wageni na wagonjwa.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Maziwa njo inavutaka sumu."

Verdiane alikunywa yote. Kukataa maziwa ya nyumba ni kudharau ng'ombe wake, na mke wa mtu hafanyi hivyo. Baada ya saa moja tumbo lilimvimba. Lilinguruma, likamkata, akakimbia nyuma ya nyumba mara sita.

"Unaona?" Mukandayisenga alimwambia mwanawe. "Sumu iko inatoka. Hii ni Jumanne ya ine. Kila mara anatoka kwa ule mwanamuke, anarudia mugonjwa."

Viateur alikuwa mtu mpole, lakini woga humgeuza mtu. Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa Sebarenzi, kapita wa kilima, ambaye watu walimpelekea kesi zao. Aliporudi, hakumtazama mkewe machoni.

"Kapita anasema Siku ya Mungu, nyuma ya misa, Adelaïde atajibu," alisema. "Akishindwa, atahama hii kilima mbele ya mavuno. Na weye njo utasema, juu ni weye mugonjwa."

Verdiane aliwaza maharage ya Adelaïde. Yalikuwa yametoa maua. Mjane akifukuzwa na shamba changa, atakula nini? Na kwa kaka yake Walikale, nani atampokea mtu aliyeitwa mchawi wa sumu?

Siku ya Jumatano Adelaïde alikuja mpaka kwenye ua. Hakuna aliyemfungulia. Alisimama nje na kusema kwa sauti ya chini:

"Dada Verdiane, nilionjaka mbele yako. Kila mara. Uliniona na macho yako."

Verdiane alikuwa ndani, karibu na mlango. Alimsikia vizuri kabisa. Alitaka kujibu, lakini shaka ilimzuia. Je, kama ni kweli? Kwa nini Jumanne tu? Adelaïde alingoja kidogo, kisha akaondoka. Verdiane aliona haya, na aliona hofu, na hakujua kipi kilizidi.

Alhamisi asubuhi alimwomba Viateur ruhusa ya kwenda zahanati. Ilikuwa mwendo wa saa mbili. Huko alimkuta Nestor, infirmier, yaani muuguzi, mwanaume mwembamba aliyeuliza maswali mengi na kujibu machache.

Nestor alimpima homa. Hakuwa na homa. Alimwambia ainamishe shingo, na shingo ilikunjika vizuri. Alitoa tone la damu kidoleni na kulitazama kwa hadubini. Hakuona malaria.

"Sasa nielezee Jumanne," alisema. "Asubui unakula nini?"

"Sikule kitu, munganga. Mupaka kazi iishe."

"Na usiku ya Jumatatu unalala vizuri?"

"Kidogo. Ninaamukaka mapema juu ya kusaga."

"Na kiisha kazi?"

"Adelaïde ananipatia kasiksi."

"Kwa tumbo tupu."

"Kwa tumbo tupu, ee."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa ninalima kwetu. Sufuria iko karibu. Ninakunywaka uji, ninapumuzika. Kasiksi hapana."

Nestor aliandika kitu kwenye daftari. Aliuliza tena: "Mama yako alikuwa na kichwa ya namna hii?"

Verdiane alishangaa. "Mama alikuwa analala mu giza siku muzima. Tulikuwa tunasema ni pepo."

"Hapana pepo. Hii ugonjwa banaiitaka migraine. Mara mingi muntu anairizi kwa wazazi. Haiue, lakini inatesa. Iko inalala ndani ya muntu, na kuna bintu binaiamusha. Njaa inaiamusha. Kukosa usingizi. Jua kali. Pombe. Kwa wengine ni chakula fulani. Moja peke yake pengine haitoshe. Weye Jumanne unazikusanya zote."

"Kumbe si sumu?"

"Ngoja kwanza. Tumbo ilianza kukuluma mbele ya maziwa, ao nyuma?"

Verdiane alikumbuka Jumanne zote nne. Kila mara kichwa kilianza. Kila mara maziwa yalikuja. Kila mara tumbo lilifuata.

"Nyuma," alisema.

"Kwenu mulikuwa na ng'ombe?"

"Hapana. Kwetu Lushebere tulikuwa tunalima mihogo na maharage. Maziwa niliionea kwa wakwe."

"Ukinywa, mwili inavimba? Unakosa pumzi? Unatoka bipele?"

"Hapana. Ni tumbo tu."

Nestor aliweka kalamu chini. "Kuna watu wakubwa wengi, tumbo yao haiwezi maziwa mabichi. Juu ya nini, bado sijapata wa kunielezea vizuri. Lakini nimewaona hapa, na nimewahesabu. Maziwa ya mama mukwe wako ni safi. Tumbo yako tu njo inaikataa. Magonjwa yako ni mbili, mama. Munaifunga pamoja, kiisha munaiita sumu."

Alimpa vidonge vya aspirine, akamweleza. Akiona tu mstari wa mwanga, ale kitu kidogo, ameze vidonge viwili kwa maji mengi, alale gizani. Asizidishe, na asimpe mtoto. Kisha akainua kidole.

"Kama kichwa inakuja gafula, inapita yote ulionaka, kimbia hapa. Kama iko na homa na shingo inakazana, kimbia. Kama mukono inakufa ganzi ao maneno inapotea, usingoje hata kidogo."

"Na Siku ya Mungu nitasema nini, munganga?"

"Kesho, mbele ya watu ya nyumba, kunywa kikombe kimoja ya maziwa. Siku kichwa haiko, na haukuenda kwa Adelaïde. Kiisha sema kile mutaona."

Siku ya Ijumaa Verdiane alikunywa uji asubuhi. Kichwa kilikuwa chepesi. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, leo niko muzima. Munipatie maziwa, kikombe kimoja. Muniangalie."

Mukandayisenga alimpa, huku uso umekunjwa. Viateur alikaa mlangoni. Ng'ombe walilia bondeni, na Verdiane alihesabu pumzi zake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba Mungu tumbo limuume.

Liliuma. Lilivimba na kunguruma mpaka Viateur alilisikia pale mlangoni.

"Kichwa?" aliuliza Viateur.

"Kichwa hapana. Ni maziwa tu."

Lakini Mukandayisenga aliondoka na chombo chake. "Ni sumu ya Jumanne," alisema kwa ukali. "Ingali ndani." Alikataa kusikia zaidi.

Siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa, watu walijaa mbele ya nyumba ya Sebarenzi. Adelaïde alisimama peke yake. Hakuna aliyetaka kusimama karibu naye. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri, kama mtu anayesafiri.

Verdiane alieleza yote. Njaa, jua, kasiksi, kisha maziwa. Watu walinong'ona. Mmoja alisema infirmier ni mtu wa Wazungu, atajua nini juu ya sumu.

Sebarenzi alisikiliza. Alikuwa mzee wa kupima maneno. Alimgeukia Mukandayisenga.

"Mama, weye njo unakaa naye. Mara ya kwanza tumbo ilimuluma siku gani?"

Mukandayisenga alitazama mikono yake. Angeweza kusema ilikuwa Jumanne, na hakuna ambaye angembishia.

"Siku ya arusi," alisema mwishowe. "Alipoingia kwetu nilimupatia maziwa ya kumupokea. Alishinda nyuma ya nyumba mupaka magaribi. Tulisema ni uoga ya bibi arusi."

"Ile siku alikuwa anajua Adelaïde?"

"Hapana. Alikuwa hajamuona."

"Basi kama ni sumu," alisema Sebarenzi, "mukono gani ilimupatia?"

Mukandayisenga alifunika uso kwa kanga yake. Machozi yalimtoka, mama yule mgumu. Ndipo Verdiane alipokwenda kusimama kati yake na Adelaïde.

"Kapita, hakuna mukono mubaya hapa," alisema. "Huyu alinipatia pombe na roho muzuri. Na huyu alinipatia maziwa na roho muzuri. Mwili yangu njo ilikataa, na miye sikuijua."

Sebarenzi alisema Adelaïde abaki kwenye shamba lake. Watu walitawanyika polepole. Wengine hawakufurahi, maana kesi ya sumu ni tamu masikioni.

Tangu siku hiyo Verdiane alibadili mambo. Viateur alikubali mtama usagwe mchana wa Jumatatu, ili mkewe alale. Verdiane alikula uji kabla ya kwenda shambani, na katikati ya kazi alipumzika na kiazi cha kuchoma. Alijifunga kitambaa kichwani na kubeba kibuyu cha maji. Kasiksi aliiacha. Maziwa mabichi aliyaacha pia. Mukandayisenga alimjaribisha mashanza, maziwa yaliyoganda, kijiko kwa kijiko. Kidogo kiliingia bila taabu, na wote wawili walifurahi, kwani hakulazimika tena kukataa ng'ombe wa nyumba.

Je, kichwa kilikwisha? Hapana, tusidanganyane. Kilirudi siku moja ya mwezi wa nane, na siku nyingine karibu na Noeli. Alikula kidogo, alimeza vidonge, alilala gizani, na asubuhi alikuwa mzima. Hakuna aliyetaja jina la mtu.

Lakini turudi kwenye Jumanne ya kwanza baada ya kesi. Verdiane na Adelaïde walikuwa wanapalilia. Mara walimwona Mukandayisenga anashuka kilima. Kwa mkono mmoja alibeba uji wa Verdiane, na kwa mkono wa pili chombo cha maziwa.

Alisimama mbele ya Adelaïde. Aliinua chombo mdomoni ili aonje kwanza, kama desturi inavyotaka.

Adelaïde alikishika kabla hakijafika.

"Acha, mama," alisema. "Mulete tu."

Akanywa yote, mpaka chini. Kisha akachukua jembe lake, na Verdiane akakaa kando kunywa uji.