Jambo Moja Nililomficha Shemeji Yangu

Nina miaka thelathini na sita, Mhehe wa Iringa, na hapa Mbeya watu wananiita Fundi Bomba. Wakiniita hivyo naitika tu... Laiti wangejua! Haya ninayoandika leo sijamwambia mtu, hata mke wangu Tabitha.

Kazi yangu iko katika hoteli moja ya Wazungu. Baridi ya Mbeya mnaijua wenyewe. Mgeni akikosa maji ya moto asubuhi, hoteli nzima haikaliki! Kwa hiyo kuna boila, yaani pipa kubwa la chuma linalochemsha maji kwa kuni na kuyapeleka vyumbani kwa mabomba. Miaka saba mimi ndiye niliyeiwasha na kuitibu kila ilipougua.

Basi mama mkwe wangu akaleta neno kupitia kwa Tabitha. Nimfundishe kazi Lazaro, mdogo wake Tabitha, mtu wa miaka ishirini na minne, ana mke na mtoto, kazi hana. Ningekataaje?

Nikamfundisha kukata bomba, kufunga koki, kuzungushia katani kwenye viungo ili maji yasivuje. Jamani, yule mtu ana akili! Mambo niliyoyahangaikia mwaka mzima, yeye aliyashika kwa miezi mitatu. Na Kiingereza anakijua. Meneja akaanza kumwita yeye. Lazaro njoo, Lazaro tazama hapa! Na mimi nimesimama palepale kama kigingi.

Wivu ulinitafuna, ndugu zangu. Hata chakula kilinishinda.

Sasa, juu ya boila kuna valvu ya kutoa mvuke unapozidi. Maji yetu huacha ukoko, na ukoko ukiishika valvu ile haifunguki. Kila Jumatatu mimi huinyanyua na kuigonga kidogo mpaka ipumue. Hilo sikumwambia Lazaro! Kila Jumatatu nilimtuma kuni, nikaigonga peke yangu. Aliyenifundisha mimi naye alinificha, nikagundua mwenyewe. Nikasema moyoni, na huyu agundue! Roho mbaya hiyo, sina jina lingine la kuiita.

Kisha baba yangu akafariki kule Iringa. Nilipokuwa nafunga mzigo, Lazaro alikuja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, shemeji. Boila naachiwa mimi sasa. Kuna lolote hujaniambia?"

"Yote unayajua," nikamjibu.

Nikaenda, tukamzika mzee. Ruhusa yangu ilikuwa wiki mbili. Nikakaa ya tatu, makusudi! Nilitaka boila isumbue, maji ya moto yakosekane, meneja anitafute kwa jasho. Na kweli, simu ya maandishi ikaja kutoka posta. Kabla sijaifungua nikajigamba mbele ya wajomba zangu kwamba mnaona, hoteli haiendi bila mimi! Nikaifungua... Lazaro kaungua. Njoo.

Nilipanda basi siku hiyohiyo. Tulipita Rujewa, abiria wanashuka kununua mchele, mimi hata kutoka kwenye kiti nilishindwa.

Valvu ilikuwa imekwama. Boila ikaanza kunguruma, Lazaro akapanda kuichungulia kwa karibu, kiungo kikafumuka, mvuke wote ukampiga usoni. Macho yote mawili yamekwenda!

Na mnajua alisema nini meneja alipomwuliza pale hospitali? Alisema shemeji alinifundisha yote, mimi nimesahau kitu. Akaachishwa kazi kwa uzembe. Mimi nikarudishwa kwa shukrani! Mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima zetu hata mkono hatupeani, alinipigia magoti kuniomba radhi kwamba mwanawe ameniharibia kazi. Nikamwambia yamekwisha, mama. Niliwezaje kusema vile? Mtu gani mimi?

Mke wa Lazaro amerudi kwao na mtoto. Lazaro mwenyewe anaishi kwangu, mtaa wa Ilomba. Kila jioni anahesabu kwa vidole yale niliyomfundisha, moja moja, halafu ananiuliza, "Shemeji, nilikosea wapi?"

Nami hujibu kwamba ni bahati mbaya tu.

Mafundi wenzangu, mnaoficha ufundi mkidhani mnalinda ugali wenu, nawasihi! Ukikubali kumfundisha mtu, mfundishe yote. Kama huwezi, mfukuze angali mzima, akuchukie, akalime kwao. Msifike nilipofika mimi.

Najua kuna kitu kimoja zaidi. Tabitha alisoma misheni, na gazeti hili likifika humsomea Lazaro mwanzo mpaka mwisho, hata matangazo haruki. Kwa mdomo nimeshindwa, mwaka wa pili huu. Ndiyo maana nimeandika, na majina nimeyaacha yalivyo.

Tabitha mke wangu, usinyamaze hapa. Msomee. Lazaro, hukusahau kitu. Mimi sikukwambia.